HAKI HAIMALIZIKI MLANGONI MWA CHUMBA CHA UPASUAJI



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya ardhi, ujira, kura na mahakama. Safari hii tunaomba tuzungumze juu ya kifundo cha mguu. Huenda baadhi yenu mtauliza: kifundo cha mguu kinahusianaje na haki na amani? Jibu letu ni fupi. Mtu asiyeweza kukanyaga hafiki shambani, hafiki pwani, hafiki kituo cha afya, wala hafiki kwa sheha kudai kilicho chake. Haki zote tunazozitetea humu zinamtaka mwenye haki afike mahali fulani, na maskini hufika kwa miguu yake.

Tunaandika haya tukiitazama Mangapwani, kijiji cha Wilaya ya Kaskazini B, Unguja, kilichoko kilomita zipatazo 20 na ushei kaskazini ya Mji Mkongwe. Wageni wanaijua Mangapwani kwa mambo mawili: pango la asili lenye maji baridi, na chumba kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambamo watu walifichwa ili wauzwe kwa siri baada ya Sultani Barghash kutia saini, mwaka 1873, mkataba wa kuikomesha biashara ya watumwa. Wenyeji wanaijua kwa mengine: uvuvi, minazi, mihogo, njia za mchanga, na mawe makali yanayochoma nyayo. Ardhi ya namna hiyo haimhurumii mwenye kifundo kibovu. Kila hatua ni mtihani kwake.

Upo upasuaji unaoweza kumsimamisha mtu wa namna hiyo. Ni upasuaji wa kuiunga mifupa ya kifundo na ya kisigino iwe mfupa mmoja, hata kiungo kilichoharibika kisicheze tena na kwa hiyo kisiume tena. Tunataka kueleza upasuaji huo kwa lugha nyepesi, kisha tuseme neno letu. Neno lenyewe ni hili: jamii inayompeleka maskini hospitali ili aungwe kifundo, halafu ikamwacha peke yake katika wiki 12 zinazofuata, imefanya nusu ya haki, na mara nyingi nusu hiyo huharibika yote.

KIFUNDO KINAVYOHARIBIKA

Mfupa wa muundi hushuka kutoka gotini. Chini yake umekaa mfupa mdogo wa kifundo, nao umekalia mfupa wa kisigino. Kwa hiyo viungo ni viwili. Cha juu hupandisha na kushusha unyayo. Cha chini huuinamisha ndani na nje ili ufuate mwinamo wa ardhi. Ncha za mifupa hii zimefunikwa na gegedu, yaani tabaka gumu lakini nyororo, linaloifanya mifupa iteleze bila kusagana. Gegedu likilika, haliotи tena kama ngozi inavyoota. Mfupa hukutana na mfupa, kiungo huvimba, unyayo huanza kupinda, na maumivu huwa ya mchana na usiku.

Goti na nyonga huharibika zaidi kwa uzee. Kifundo si hivyo. Sehemu kubwa ya vifundo vilivyoharibika kabisa hutokana na jeraha la zamani. Mkwezi huanguka mnazini akatua kwa visigino. Mchumaji wa karafuu huteleza tawini. Kijana hugongwa akiwa juu ya bodaboda. Fundi huporomoka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Mara nyingi mfupa umevunjika, lakini watu husema ameteguka tu; mguu hukandwa kwa mafuta ya moto, ukafungwa vijiti, ukaunga ukiwa umepinda. Baada ya miaka michache gegedu limekwisha.

Hatuwadharau wakandaji wetu. Wengi wao wana mikono ya huruma, na wamewatuliza wagonjwa wengi mahali ambapo daktari hakuwepo. Lakini kifundo kilichovimba ghafla baada ya kuanguka, ambacho mwenyewe hawezi kukikanyagia hatua nne, kinahitaji kupigwa picha ya eksirei kabla ya kuguswa na mkono wa mtu yeyote.

Vipo vyanzo vingine. Baridi yabisi hula viungo vya pande zote mbili. Kifua kikuu, ambacho wengi wanadhani ni cha mapafu tu, huweza kuingia katika kifundo na kukitafuna polepole. Polio iliacha nyayo zilizolegea. Na ijapokuwa Tanzania ilithibitishwa mwaka 2015 kuwa imeudhibiti ugonjwa huo, watoto waliopata polio miaka ya nyuma leo ni watu wazima, nao bado wanatembea kwa miguu ile ile.

Chanzo ambacho tunaomba kisikilizwe kwa makini ni kisukari. Mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi hupoteza hisia za miguu. Mifupa ya unyayo na kifundo huweza kuvunjika na kusagika bila yeye kuumwa sana. Jean-Martin Charcot, tabibu wa Ufaransa, alieleza mwaka 1868 jinsi viungo vinavyobomoka pale neva zinapokufa, na mpaka leo mguu wa namna hiyo huitwa kwa jina lake. Dalili ni mguu mmoja kuwa mwekundu, wa moto na uliovimba, huku maumivu ni haba. Mgonjwa huona si kitu, akaendelea kutembea juu yake, na kila hatua humbomoa zaidi. Huko Dar es Salaam, Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wamefanya kazi kwa miaka mingi kuwafundisha wauguzi na madaktari wa Tanzania kuitunza miguu ya wenye kisukari ili isifikie kukatwa. Mafundisho hayo yanastahili kufika hadi kila shehia.

UPASUAJI WENYEWE

Dawa za maumivu, viatu vya kuegemeza, fimbo na sindano za ndani ya kiungo hujaribiwa kwanza. Zikishindwa, na eksirei ikionyesha kwamba kiungo cha juu na cha chini vyote vimeharibika, ndipo madaktari huzungumzia kuunga.

Mgonjwa hupewa nusu kaputi au ganzi ya kiunoni. Daktari huufungua mguu, akakwangua mabaki ya gegedu mpaka afikie mfupa hai unaotoa damu. Kisha huuweka unyayo mahali pake: umesimama sawasawa na muundi kama pembe ya ukuta na sakafu, kisigino kimeelekea nje kidogo tu. Hapa ndipo ufundi ulipo, kwa maana atakavyouweka ndivyo utakavyobaki maisha yote. Penye pengo hujaza vipande vya mfupa, ambavyo pengine huchukuliwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Halafu huikaza mifupa kwa skrubu, kwa bamba la chuma, au kwa msumari mrefu unaoingia kutokea chini ya kisigino, ukapita katika mfupa wa kifundo na kupanda ndani ya muundi. Pakiwa na usaha au ngozi mbovu, huweza kutumia fremu ya chuma iliyoko nje ya mguu.

Lakini chuma hakiungi mfupa. Chuma hushika tu. Kinachounga ni mwili wenyewe, kama unavyounga mfupa uliovunjika, na mwili huhitaji muda, chakula na utulivu.

Jambo hili si geni wala si la majaribio. Mwishoni mwa miaka ya 1870, Eduard Albert aliviunga viungo vya msichana aliyepooza miguu ili aweze kusimama. Mwaka 1923 Edwin Ryerson, Mmarekani, alieleza namna ya kuunga viungo vitatu vya nyuma ya unyayo, na njia yake ikawafaa watu wengi mno waliolemazwa na polio. Mwaka 1951 John Charnley wa Uingereza alionyesha kwamba ncha za mifupa zikibanwa kwa nguvu huunga vizuri zaidi. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Ronald Huckstep alifanya kazi Mulago na Makerere, Kampala, katika miaka ya 1960, akawapasua watoto wengi wenye polio. Fundisho lake kubwa halikuwa kisu peke yake. Aliona kwamba mtoto aliyepasuliwa akarudi kijijini bila chuma cha kuegemeza mguu wala kiatu ni mtoto aliyepasuliwa bure. Kwa hiyo alihimiza vyuma na viatu rahisi vitengenezwe papo hapo, kwa vitu vinavyopatikana.

Leo yapo pia maungio ya bandia ya kifundo. Lakini kwa mtu ambaye viungo vyote viwili vimekwisha, au unyayo umepinda sana, au aliwahi kuwa na usaha ndani ya mfupa, au ni kijana wa kazi nzito, kuunga bado ni njia inayotegemewa.

Na iwe wazi kwamba upasuaji huu una gharama katika mwili. Kiungo kilichoungwa hakitacheza tena. Kuchuchumaa huwa kugumu, kukwea mnazi hakuwezekani, na kutembea juu ya mchanga laini huhitaji mazoezi. Ndugu zetu Waislamu watapata taabu katika kikao cha sala, ingawa wanazuoni wao huwafundisha kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kusali ameketi juu ya kiti. Baada ya miaka mingi viungo vya jirani katika unyayo huweza kuchoka, kwa kuwa hubeba kazi ya vile vilivyokazwa. Mgonjwa anayo haki ya kuelezwa yote haya kabla ya kutia saini, kwa Kiswahili anachokielewa, na mbele ya mtu anayemwamini. Karatasi iliyotiwa kidole gumba bila maelezo si ridhaa.

WIKI KUMI NA MBILI

Sasa tufike kwenye kiini cha makala yetu. Baada ya upasuaji, mguu huwekwa ndani ya plasta ngumu. Kwa kuungwa kifundo pamoja na kisigino, mgonjwa huamriwa asiukanyagie kabisa kwa wiki nyingi, mara nyingi kati ya 10 na 12. Kisha huanza kukanyaga kidogo kidogo. Kuunga kwenyewe huchukua miezi mitatu hadi sita, na uvimbe huweza kuendelea hadi mwaka.

Wiki 12 ni siku 84. Tumchukulie mvuvi wa Mangapwani mwenye mke na watoto wanne. Hana mshahara wa ugonjwa. Chakula cha leo kimetoka katika bahari ya jana. Tuseme kwamba upasuaji amefanyiwa bila malipo, au kwa malipo aliyochangiwa. Anarudi nyumbani kwa daladala, mguu umenyooshwa mbele, magongo ameazimwa. Choo ni cha shimo, cha kuchuchumaa, nacho kiko nyuma ya nyumba, ng'ambo ya mawe. Maji huchotwa mbali. Kila baada ya wiki kadhaa anatakiwa mjini kuangaliwa kidonda na kubadilishiwa plasta. Na ikiwa alipasuliwa ng'ambo, Dar es Salaam, basi ni safari ya boti pia, kwake na kwa wa kumsindikiza.

Wiki ya kwanza majirani huja na vyombo vya chakula. Wiki ya tatu huja wachache. Wiki ya tano mke amekwisha kopa dukani mpaka anaona haya kupita mbele ya duka. Wiki ya sita mwanamume huyo huinuka, hujaribu mguu, huona hauumi sana kwa sababu chuma kimeushika, na huenda pwani kusaidia kuvuta nyavu.

Mfupa ambao haujaunga, ukichezeshwa, hukataa kuunga. Skrubu hulegea, msumari huvunjika, kidonda hufunguka. Hata katika hospitali zenye kila chombo ipo mifupa inayokataa, na mvuta sigara yumo hatarini mara kadhaa zaidi ya mwenzake. Lakini kwa maskini inaongezeka sababu ambayo haimo katika vitabu vya upasuaji: njaa ya watoto. Akirudi hospitali, mara nyingi hukaripiwa: “Tulikwambia usikanyage.” Kweli aliambiwa. Ila hakuna aliyemwuliza atakula nini.

Hapo ndipo tunapoona dhuluma. Haimo katika nia mbaya ya daktari wala muuguzi, ambao wengi wao hufanya kazi kwa uchovu na kwa moyo. Imo katika mpango mzima, unaohesabu matibabu kuwa kisu, chuma na dawa, na kuuhesabu muda wa kupona kuwa shauri la mgonjwa mwenyewe. Tajiri ana akiba, ana choo cha kukaa, ana gari. Muda wa kupona kwake ni mapumziko. Kwa maskini, muda huo huo ni ufukara. Upasuaji ni mmoja, daktari ni mmoja, lakini mmoja atasimama na mwingine hatasimama.

HOJA TUNAZOZISIKIA

Ya kwanza husema: Zanzibar matibabu ni bure, mnataka nini tena? Ni kweli kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iliweka matibabu bila malipo kuwa msingi wake, na msingi huo ni wa kuheshimiwa. Ni kweli pia kwamba mwaka 2023 ulianzishwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanza na wafanyakazi wa sekta rasmi. Lakini mvuvi, mkwezi na mchuuzi hawamo katika sekta rasmi. Na hata siku watakapoingia wote, mfuko unaolipia chumba cha upasuaji bila kutazama siku 84 utakuwa unanunua vyuma vitakavyovunjika.

Ya pili husema: hiyo ni kazi ya jamaa. Nasi twakubali kwamba jamaa ndio wa kwanza. Mila zetu za pwani zinajua kumzunguka mgonjwa. Lakini mila hizo zilizoea ugonjwa wa siku saba na msiba wa siku tatu. Hazikuzoea mtu mzima asiyeumwa homa, anayeketi barazani miezi mitatu, ambaye kwa macho anaonekana mzima. Huyo huanza kuitwa mvivu. Kumbe kuketi kwake ndiyo kazi aliyopewa.

Ya tatu husema: mguu mkavu ni ulemavu tu, afadhali abaki na kifundo chake. Tunajibu kwamba kifundo kinachocheza lakini hakibebi mwili hakimsaidii mtu. Mguu uliokazwa mahali pake, usiouma, ukivalishwa kiatu kinachofaa, humrudisha mtu shambani, sokoni, shuleni na kwenye ibada. Na kwa mwenye kisukari ambaye mguu wake umebomoka, kuunga kwaweza kuwa njia ya kuuepusha mguu na msumeno.

Ya nne husema: nchi maskini haiwezi kumlipa mtu kwa kuketi. Hii tunaijibu kwa mifano ya hapa hapa. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inawalipa wazee waliotimiza miaka 70 Pensheni Jamii kila mwezi, wawe walifanya kazi serikalini au hawakufanya. Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar limewahi kuwalipa fidia wachumaji walioanguka mikarafuuni. Huko Welezo, nje kidogo ya mji wa Unguja, watawa wamewatunza wazee na wasiojiweza kwa vizazi kadhaa. Na huko Arusha, tangu mwaka 2008, ipo nyumba iitwayo Plaster House ambamo watoto wenye ulemavu hukaa kabla na baada ya upasuaji, wakila, wakisafishwa vidonda na wakifanya mazoezi, wasirudishwe vijijini mpaka wapone. Waanzilishi wake walielewa jambo tunalolisema: kupona kunahitaji paa, sufuria na mtu wa kumwangalia mgonjwa. Basi hatuombi kitu kisichojulikana. Tunaomba kinachojulikana kifike kwa mtu mzima wa kijijini mwenye plasta mguuni.

Na sheria ipo. Tanzania iliuridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 26 inazitaka nchi zitoe huduma za kumrudishia mtu uwezo wake, tena karibu na mahali anapoishi, vijijini pia. Zanzibar yenyewe ilikwisha kutunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Tumeweka saini. Sasa saini ifanye kazi.

TUNAPENDEKEZA NINI

Kwanza, tunaziomba hospitali zinazofanya upasuaji huu zisimwekee mgonjwa tarehe ya kupasuliwa kabla ya kumwuliza maswali manne: Nani atakupikia? Choo chako kikoje? Utafikaje kliniki? Nani anawalisha watoto wako sasa? Maswali haya hayahitaji mashine. Majibu yake yaandikwe katika faili pamoja na vipimo vya damu na picha ya eksirei, na nakala ipelekwe kwa sheha na kituo cha afya cha karibu.

Pili, tunaiomba Serikali, kwa njia ya mifuko iliyopo, iweke posho ndogo ya muda kwa mgonjwa maskini aliyeamriwa asikanyage. Posho ya miezi mitatu ni nafuu kuliko upasuaji wa mara ya pili, na nafuu zaidi kuliko familia nzima kuingia katika kuomba.

Tatu, tunawakumbusha waajiri. Serikali imeichagua Mangapwani kuwa mahali pa bandari mpya kubwa, na kazi za ujenzi huja na vijana wengi juu ya majukwaa. Anayeporomoka kazini akavunjika kisigino asipewe nauli ya kurudi kwao na pole ya mdomo. Gharama ya matibabu yake, pamoja na ya muda wa kupona, ni sehemu ya gharama ya jengo lile.

Nne, tunazisihi jumuiya ndogondogo za Kikristo, kamati za misikiti, vikundi vya kina mama na vyama vya wavuvi zishikane mikono katika jambo hili, kwani kifundo hakina dini. Wekeni zamu: siku 84, nyumba 12, kila nyumba siku saba. Tafuteni seremala atengeneze kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo la choo. Ni kazi ya asubuhi moja. Nunueni jozi mbili za magongo ziwe mali ya shehia, za kuazimana. Mpeni mgonjwa kazi ya kuketi: kushona nyavu, kusuka makuti, kufundisha watoto kusoma. Mkumbusheni asivute sigara. Na atakaposema, “Nadhani umepona, nijaribu kidogo,” mwambieni kwa upendo aketi.

Tano, tunawaomba mafundi viatu, walioko Darajani na kwingineko, wajifunze kiatu cha mguu uliokazwa. Soli yake huwa nene katikati, nayo imeviringwa kuelekea vidoleni, ili unyayo usiokunjika ujiviringishe mbele kama chombo kinavyopanda wimbi. Fundi anayekata ndala za matairi anaweza kuitengeneza soli hiyo akionyeshwa mara moja.

Sita, kwa kila mwenye kisukari: tazama nyayo zako kila jioni, au mwombe mjukuu akutazamie. Mguu mmoja ukiwa wa moto na umevimba, usikandwe, usitembee juu yake, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifundo kisichobomoka hakihitaji kuungwa.

NENO LA MWISHO

Katika sura ya tatu ya Matendo ya Mitume imo habari ya mtu kiwete tangu kuzaliwa, aliyewekwa kila siku mlangoni pa hekalu aombe sadaka. Luka, ambaye Paulo anamtaja kuwa mganga, anaeleza kwamba nyayo na vifundo vyake vilitiwa nguvu. Lakini kabla ya hapo anaandika jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: Petro alimshika mkono wa kuume, akamwinua. Wale waliompita miaka yote walimpa sarafu, na sarafu zilimwacha pale pale mlangoni.

Nasi tusiridhike na kuchangisha nauli ya kwenda hospitali. Mchango ule ni mwema, lakini ni mwanzo. Kwa aliyeungwa kifundo, mkono unaohitajika ni wa wiki 12: unaobeba ndoo, unaoleta sahani, unaomshika bega anapojifunza hatua ya kwanza. Ikiwa katika shehia yako yupo aliyeketi barazani na plasta mguuni, tunakuomba uende kwake leo, umwulize amefikia wiki ya ngapi.